Umeme wa Dukani: Hesabu Kwanza, Mtambo Baadaye

Leo twataka kusema juu ya mtu mwenye duka, hoteli au ghala, atakaye kujitengenezea umeme papo hapo penye jengo lake.

Wengi huanza kwa kuuliza bei ya mtambo. Sisi twaona swali hilo ni la mwisho. La kwanza ni hili: jengo latumia umeme kiasi gani, na saa zipi?

Tutwae bucha yenye majokofu mawili ya kugandishia, msumeno wa mifupa na taa sita. Kila jokofu likitumia uniti 3 usiku na mchana, ni 6. Msumeno wa wati 2,000 ukienda nusu saa, ni uniti 1. Taa za wati 10 kwa saa tano hazifiki theluthi ya uniti. Jumla ni 7 na kidogo.

Twamjua mwenye bucha mmoja aliyeuziwa jenereta ya kilowati 20 kwa kazi kama hiyo. Mashine ya dizeli ikipewa kazi ndogo mno haipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote, masizi hujaa, na unywaji wake haupungui kadiri kazi ipunguavyo. Haukupita muda akawa anauza nyama ili anunue mafuta. Akaanza kuizima usiku, nyama ikaoza.

Je, jua? Paneli ya wati 400, ikipata saa tano za jua kali, hutoa uniti 2 kwa hesabu ya karatasini. Ondoa joto, vumbi na upotevu wa waya, hubaki 1 na nusu. Basi bucha ile yataka paneli tano, na ya sita kwa ajili ya mawingu. Lakini ugumu hauko juani, uko gizani, maana majokofu hayalali. Usiku yatataka uniti 3, na betri za risasi haifai kuzitumia kupita nusu. Kwa hiyo hapana budi ziweze kuweka 6. Hapo ndipo fedha nyingi huishia. Na inveta, yaani chombo kibadilicho umeme wa betri uwe kama wa waya za mjini, iwe na nguvu ya kutosha, kwa kuwa mota ianzapo huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake.

Duka la mchana tu lina nafuu. Jengo la maduka la Garden City, Nairobi, liliwekewa paneli za kilowati 858 mwaka 2015, juu ya maegesho ya magari; wateja huja mchana, na jua vilevile.

Mwenye kijito ana bahati: lita 100 kila sekunde zikianguka mita 10 zina karibu kilowati 10, na mtambo mdogo hutoa kama nusu yake. Ila maji yapimwe wakati wa kiangazi. Upepo wa juu ya mapaa ya mjini hatuusifu, maana majengo huuvuruga.

Yule mwenye bucha aliiuza jenereta yake kwa hasara, akanunua paneli sita, betri, na jenereta ndogo ya siku za masika. Msumeno huuwasha saa sita mchana.