Mzigo Haudanganyi

Saa 12 asubuhi, Tunduma ishaamka kitambo. Malori yamejipanga kutokea huko Mpemba, matingo wanapiga mswaki pembeni ya matairi, wachenji hela washatimba na vibunda vya kwacha mkononi, na mama chapati kashawasha jiko. Mimi nimekaa juu ya tofali kando ya barabara ya kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Kaunta buku mapajani, penseli ya HB moja, mkono wa kushoto umekandamiza ukurasa usipeperuke na upepo wa malori. Nasubiri mkokoteni.

Huo unakuja. Mwamba kaulalia kwa nyuma, shati limeloa mgongoni, magunia yamepanda mpaka yanamzidi kichwa. Nina kama sekunde sita kabla hajanipita. Sichori sura, sichori vidole, sichori maandishi ya fulana. Nakamata mistari mitano tu: mgongo, mikono, mguu wa nyuma, mguu wa mbele, shingo. Kasepa. Nageuza ukurasa, nasubiri mwingine.

Hiyo ndo skonga yangu ya katuni, na ada yake ni kudamka mapema. Leo nataka nikunyooshee maelezo, wewe denti unayechora na unaota michoro yako siku moja itembee yenyewe. Katuni inaishi pale inapokuwa na uzito. Mtazamaji akishaamini kwamba mhusika wako ana kilo mwilini, mengine yote ataamini. Na kwa ishu ya uzito, huu mji umejaliwa kinoma. Hapa kila mtu kabeba kitu.

Sura bila mwili

Nilianza kama madenti kibao: Naruto na Goku kwenye kurasa za nyuma za daftari la Bailojia. Ticha mmoja alilidaka, akakaa nalo wiki nzima. Bado nasema kunakili kuna faida. Mkono unazoea kukata mstari bila woga, jicho linazoea kupima. Hata waliotutangulia walikuwa na vya kunakili. Madingi zetu walikuwa na jarida la Sani, wakakua na kina Lodi Lofa na Ndumilakuwili. Kabla yao kulikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru. Wahusika wa kitaa, wenye shida za kitaa.

Siku nilipotaka Goku wangu atembee ndo nikagonga ukuta. Miguu inapishana fresh, ila yeye anateleza kama sabuni kwenye sakafu ya bafu. Nikabadilisha nywele, nikaongeza vivuli, wapi! Sura yake nilikuwa naijua, mwili wake siujui. Nilikuwa sijawahi kumtazama mtu akitembea kwa nia ya kujua goti lake linakunjika saa ngapi.

Nikaacha kuchora mashujaa kwa mwezi mzima. Nikarudi chini kabisa, kwenye mduara.

Chungwa, puto na kimondo

Jaribu leo leo. Chukua daftari, kona ya chini kulia, chora mduara kila ukurasa, kila mara ukiusogeza kidogo. Halafu shika kurasa kwa dole gumba, ziachie fasta. Mduara unadunda. Hiyo ndo animesheni, ile ambayo vitabuni inaitwa uhuishaji: kukipa kitu uhai. Sinema inapitisha picha 24 kwa sekunde moja. Wengi wanaochora kwa mkono wanachora 12, kila mchoro unaonyeshwa mara mbili, na jicho halishtuki. Piga hesabu mwenyewe: sekunde 5 ni michoro 60, dakika moja ni michoro 720. Kazi ya mtu mkomavu hii.

Sasa utamu uko hapa. Mduara huo huo unaweza kuwa chungwa, puto au kimondo, na hubadilishi hata mstari wake. Unachobadilisha ni nafasi kati ya mchoro na mchoro. Chungwa likianguka kutoka kwenye sinia, michoro ya juu inabanana, ya chini inaachana, kwa sababu linazidi kuongeza spidi. Likigonga lami linadunda kidogo, linabingirika, linatulia. Puto linashuka taratibu, nafasi zinalingana karibu zote, linapepesuka kushoto kulia kabla ya kugusa chini.

Kimondo je? Hapo mwana wa mkoa wetu wa Songwe una ushahidi ambao wenzako hawana. Panda gari mpaka Mbozi, nenda Ndolezi, simama mbele ya kile chetu. Kinakadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, sehemu kubwa ni chuma, urefu kama mita tatu. Kiguse. Utajua kwa kiganja kwamba kitu kama hiki hakibonyei. Kinachobonyea ni ardhi. Kwa hiyo ukikichora kinaanguka, chuma kiache kama kilivyo, halafu hangaika na vumbi, nyasi zilizolala, ndege waliotawanyika, na ule udongo ulionyanyuka na kushuka. Frank Thomas na Ollie Johnston, wakongwe wawili wa Disney, waliandika kitabu mwaka 1981 wakapanga kanuni 12 za kazi hii, na ya kwanza ni kubonyea na kuvutika. Kuisoma ni dakika mbili. Mimi niliielewa siku niliyosimama Ndolezi nikaona kitu kinachoikataa.

Vifaa vya kapuku

Najua unachowaza: mimi nimefulia, kompyuta nitatoa wapi? Tulia. Kwanza, karatasi. Rimu moja washkaji wanne wanachangiana. Unahitaji kuona mchoro wa jana kupitia karatasi ya leo, si ndio? Tafuta kioo cha dirisha cha zamani, kilaze juu ya vitabu viwili, chini yake weka simu imewashwa tochi. Hiyo ni meza ya mwanga, inafanya kazi usiku kucha kama chaji ipo. Funika kingo za kioo kwa selotepu zisikukate.

Pili, simu. Programu ya FlipaClip inaingia kwenye simu ya kawaida tu, toleo la bure linatosha kujifunzia. Unachora kwa kidole, unaona kivuli cha mchoro uliopita, unacheza, unarekebisha. Bando lako la buku usilimalize kuangalia video za watu wanaosema watakufundisha. Shusha programu mara moja, halafu chora bila intaneti.

Tatu, ukipata kompyuta, hata ya kuazima, kuna Krita, Pencil2D na Blender. Zote za bure, na ni halali kabisa, hakuna haja ya kuvunja kufuli la mtu. Usizidharau kisa hazina bei. Mwezi Machi 2025, filamu ya paka mmoja aliyekimbia mafuriko, inaitwa Flow, ilichukua tuzo ya Oscar ya filamu bora ndefu ya animesheni. Ni filamu ya Latvia, imetengenezwa kwa Blender, programu ile ile ambayo wewe unaweza kuishusha leo. Haina hata mstari mmoja wa maneno. Paka anaruka, anateleza, anatikisa maji mwilini, na dunia nzima ikaelewa.

Nyayo ziko karibu

Kuna watu wanaamini hii michongo ni ya Wajapani na Wamarekani. Mimi naangalia kusini mwa Bongo, namuona Edward Saidi Tingatinga. Kazaliwa Tunduru mwaka 1932, chuo cha sanaa hakukanyaga, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupigia baiskeli juu ya vibao. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu ya kazi, na jina lake likawa jina la mtindo mzima. Mwaka 2010 mtindo huo ukazaa katuni ya watoto, Tinga Tinga Tales, iliyochorwa Nairobi na kuonyeshwa mpaka Uingereza. Tembo na chui wa mzee wetu wakaanza kutembea.

Naangalia Dar, nawaona Ubongo. Januari 2014 katuni yao ya Ubongo Kids iliingia TBC1, na wadogo zetu wakaanza kujifunza hesabu na sayansi kwa Kiswahili kutoka kwa kina Kiduchu, Koba na Baraka. Mdogo wangu alikuwa anaimba nao huku anaosha vyombo.

Halafu naangalia ng'ambo ya geti, Zambia, ambako tunavuka kwenda na kurudi kila siku. Malenga Mulendema, dada wa Kizambia, mwaka 2015 alikuwa mmoja wa washindi wa shindano la hadithi la studio ya Triggerfish ya Cape Town. Wazo lake ni mabinti wanne wa sekondari wanaoilinda Lusaka ya miaka ijayo, chini ya bibi mmoja aliyekuwa mpelelezi. Julai 2023 lilitoka Netflix kwa jina la Supa Team 4. Miaka minane, wanangu, kutoka wazo mpaka kioo. Lusaka ile ile ambayo mabasi yake yanapakia abiria hapo Nakonde. Aliichukua kwao akaitia mashine za kesho, na kwao bado kukabaki kwao. Kilichomfanya atoboe alikuwa nacho nyumbani.

Hela na heshima

Maza aliwahi kuniuliza, bila ukali, "Mwanangu, hivi vikatuni vitakulisha?" Ni swali la haki. Mzazi aliyebeba familia mgongoni ana haki ya kuuliza mgongo wangu utabeba nini. Sikumjibu kwa maneno. Nilikwenda kwenye banda moja la chipsi pale Sogea, nikaomba nichore kuku ukutani. Nilimsimamisha kwa mguu mmoja, kifua mbele, kilo zote zimelalia upande mmoja, mguu wa pili unataka kukimbia. Nikalipwa buku teni na sahani ya chipsi kuku. Hela nikampelekea maza, tukanunua unga. Siku iliyofuata alipita pale banda kwa makusudi, akarudi akaniambia, "Yule kuku anatoroka." Tangu hapo akiona nachora haniiti kuchota maji mpaka nimalize ukurasa.

Kwa hiyo usidharau mabango, kuta za saluni, maandishi ya nyuma ya lori. Zinalipa bando na zinanyoosha mkono. Ukitaka kusomea rasmi, chuo cha sanaa cha TaSUBa kiko Bagamoyo tangu 1981, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa bunifu, na Nafasi Art Space pale Mikocheni wasanii wanafanya kazi pamoja toka 2008. Ukishabuni mhusika wako mwenyewe, kamsajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujamsambaza mitandaoni. Mtoto wako mpe cheti cha kuzaliwa.

Mzee wa mkokoteni

Nimalizie nilipoanzia. Baada ya wiki tatu za kukaa kwenye tofali, nilikuwa na mhusika wangu wa kwanza kamili: mtu anasukuma mkokoteni, michoro 24, sekunde mbili, inajirudia. Nilipanga hatua kama vitabu vinavyosema: mguu unatua, mwili unashuka, mguu wa pili unapita, mwili unapanda. Nikaona ni unyama mtupu. Nikaipiga picha michoro kwa simu, nikambebea mzee mmoja ninayemchoraga sana, alikuwa kapumzika kivulini na mkokoteni wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, dogo. Leo huchori?"

Nikampa simu. Akaangalia mara mbili, tatu, akaisogeza karibu na macho.

"Huyu hajabeba kitu."

"Kwa nini mzee?"

"Anatua na kisigino. Mzigo ukiwa umejaa kisigino hakina kazi, unakamata kwa vidole, unaisukuma ardhi irudi nyuma. Na mwambie asiangalie mbali. Tunaangalia hapa," akaonyesha mita moja mbele ya tairi, "maana kokoto moja tu inakumaliza."

Akainuka, akaenda nyuma ya mkokoteni, akanionyesha. Taratibu, hatua kwa hatua, kama ticha anayerudia kwa ajili ya mwanafunzi wa mwisho darasani. Niliona kitu ambacho wiki tatu sikukiona: kabla mguu haujanyanyuka, bega linazama kwanza. Mzigo unaanzia begani, mguu unafuata.

Nilirudi geto nikafuta michoro yote 24. Kioo, tochi, karatasi. Vidole vikatua, kisigino kikabaki juu, bega likazama, macho yakashuka. Kulipokucha nikatimba tena kwa mzee. Safari hii hakusema kitu mwanzoni. Aliangalia sekunde mbili zile zikijirudia, zikijirudia, na mkono wake wa kushoto ukaenda wenyewe kiunoni, ukakishika.

"Dogo," akasema, "huyo apumzike sasa."

Nikarudi nikamchorea michoro 12 zaidi. Anaegesha mkokoteni, anaachia mikono, ananyoosha mgongo.