Sura ya Tano: Kinyerezi au Kijichi?

Swali hili nimeulizwa msibani, harusini na ndani ya daladala, tangu watu wajue kuwa mimi ni mpima ardhi: ninunue Kinyerezi au Kijichi? Mwulizaji mara nyingi ameshapewa jibu na dalali. Kinyerezi ni Ilala, na wamejenga wenye nazo. Kijichi ni Temeke, na Temeke ni uswahilini. Akiba ya miaka kumi inatolewa kwa maneno hayo tu.

Kata si kiwanja. Kinyerezi hiyohiyo ina ghorofa juu ya kilima, yenye barabara na mtaro, na chini yake bondeni kuna chumba ambacho masika yakianza wenyewe hawapati usingizi. Nyumba hizo mbili zinatofautiana kuliko Ilala na Temeke zitakavyowahi kutofautiana.

Uongo mmoja niumalize mapema: eti Kinyerezi umeme haukatiki kwa kuwa mitambo ya gesi iko palepale. Umeme wa Kinyerezi I na Kinyerezi II unaingia gridi ya taifa kwa msongo mkubwa. Nyumba iliyopakana na ukuta wa kituo inapata umeme kwa transfoma ya mtaani, sawa na nyumba ya Mbagala. Transfoma ikiungua, utakaa gizani huku mitambo ikinguruma.

Tuanze na ardhi, maana ndiyo kazi yangu. Kijichi ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mradi wa viwanja 20,000 ulioanzishwa na Wizara ya Ardhi mwaka 2002. Huko, kwenye eneo la mradi, barabara zilichorwa kabla ya nyumba. Kinyerezi sehemu nyingi zimekwenda kinyume: shamba lilikatwa vipande, vikauzwa mbele ya mjumbe, nyumba zikasimama, barabara ikatafutwa baadaye. Lakini Kijichi nayo ina vipande visivyopimwa, na Kinyerezi ina viwanja vyenye hati safi. Kwa hiyo ukiambiwa "kimepimwa," uliza kimepimwa na nani, na ramani iko wapi. Wengine husema hivyo kwa sababu kuna kijana alipita na jipiesi. Karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa inaonyesha kwamba fedha zilitoka mkono huu zikaenda ule. Mchoro wa mipango miji unaonyesha kilichokusudiwa. Ramani ya upimaji iliyoidhinishwa ndiyo inayoonyesha mipaka ilipo, na upekuzi kwa Msajili wa Hati ndio utakaokwambia nani mmiliki na kama kuna benki inayomdai.

Nimewaona wanunuzi wakimleta mtaalamu akizindike kiwanja, afukie chupa kwenye pembe nne, kisa palikuwa na mbuyu. Futi kamba ya kupima umbali hadi mtoni hawakuja nayo. Hili linaniudhi kuliko yote, kwa sababu mbuyu haujabomoa nyumba ya mtu Kinyerezi, na Msimbazi umebomoa.

Mto huu unaanzia milima ya Pugu, unapita Kinyerezi, kisha unashuka hadi Jangwani na kuingia baharini karibu na daraja la Selander. Watu wanaukumbuka kwa mafuriko ya Desemba 2011, ambayo baada yake waathirika wa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande, na wanadhani shida ni ya Jangwani peke yake. Jangwani maji hujaa. Huku juu maji hukata ardhi. Kingo ni za mchanga, na wachimba mchanga wanazilegeza zaidi. Mvua moja kubwa inaweza kuondoka na hatua kadhaa za uwanja wako. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ukingo ukisogea, mita 60 zinasogea nao, zinakufuata hadi sebuleni.

Kwa hiyo kiwanja kitazame wakati wa masika. Ukishindwa, tazama kuta za majirani: mstari wa tope, viroba vya mchanga vilivyopangwa nyuma ya choo, matairi yaliyofukiwa kwenye mteremko. Mpangaji naye atazame hayo kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, kisha aulize LUKU ni yake au ya kuchangia. Usafiri haunihitaji mimi: panda daladala Jumatatu ya mvua saa kumi na mbili asubuhi, siku moja kutoka Kinyerezi kupitia Segerea na Tabata, siku nyingine kutoka Kijichi kupitia Barabara ya Kilwa, uone unafika kazini saa ngapi.

Mama mmoja aliniita Kinyerezi nimrudishie mipaka. Alinunua mwezi wa tisa, mto ukiwa kijito cha kuruka. Bikoni tatu nilizikuta. Ya nne ilikuwa inaning'inia kwenye ukingo, zege limetokeza nje nusu nzima, na nondo yake imeachwa wazi chini kwa kuwa udongo umekwisha kwenda. Aliniuliza kama naweza kuisogeza upande wa nyumba. Nikamwambia, "Mama, bikoni haisogezwi." Alikuwa ameshika tawi la mpera, anachungulia chini.