Kukoroma na kukatika kwa pumzi: koo linavyoumia usiku

Anayekoroma kwa nguvu hudhaniwa kuwa amelala fofofo. Kwa baadhi ya watu, hata hivyo, mkoromo huo hukatika ghafla, kimya kikatanda, kisha mlalaji akashtuka na kuvuta hewa kama aliyeibuka majini. Madaktari huhesabu tukio hilo pumzi inapokatika kwa sekunde 10 au zaidi. Likitokea mara 30 au zaidi kwa saa, ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionesha kuwa takriban watu milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wana tatizo hilo kwa viwango mbalimbali.

Usingizini misuli ya koromeo hulegea na kuta za njia ya hewa hukutana. Oksijeni hushuka katika damu, ubongo humzindua mlalaji, mara nyingi bila yeye kujua, na hewa hurejea.

Madhara hayatokani na upungufu wa oksijeni pekee, bali pia na kurejea kwake. Seli zilizokuwa na njaa ya oksijeni zinapoipokea kwa ghafla huzalisha molekuli kali zinazoshambulia mafuta, protini na hata vinasaba. Mwili una kinga ya kuzizima molekuli hizo. Zinapoishinda kinga hiyo, hali ambayo wanasayansi huiita mkazo wa oksidisheni, seli hutoa ishara za hatari na uvimbe huanza, kooni na katika mishipa ya damu pia. Kwa aliyeathirika sana, mzunguko huo hujirudia mamia ya mara kwa usiku mmoja.

Koo lina adha yake ya ziada. Mtikisiko wa mkoromo huumiza kaakaa laini na kimio usiku kucha; utando huvimba, njia iliyokuwa nyembamba huzidi kubanwa, na ugonjwa hujilisha wenyewe. Watafiti waliopoza pumzi za wagonjwa hadi zikawa matone walikuta humo alama za uharibifu huo kwa kiwango kikubwa kuliko kwa watu wenye afya.

Mwaka 1981, Colin Sullivan na wenzake mjini Sydney, Australia, walieleza tiba ya kusukuma hewa puani mfululizo ili koo lisijifunge. Tiba hiyo hupunguza kusinzia mchana, jambo lisilo dogo kwa dereva wa basi au lori. Lakini si kinga ya kila kitu: utafiti mkubwa wa mwaka 2016, uliowahusu wagonjwa zaidi ya 2,600 wenye maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo, haukuonesha kuwa ilipunguza mshtuko wa moyo wala kiharusi. Washiriki waliopewa mashine waliitumia kwa wastani wa saa zisizofika nne kwa usiku. Vidonge vya vitamini, vinavyonadiwa kuwa huzima molekuli hizo kali, havifungui koo lililoziba.

Kwa kuwa mgonjwa hajisikii akikoroma, shahidi wa kwanza huwa ni anayelala karibu naye. Daktari atataka kujua kama pumzi hukatika, kama mgonjwa huamka na maumivu ya kichwa, na kama husinzia mchana.