KIFUNIKO CHA LENZI YA ZAMANI: PIMA KWANZA, NDIPO UNUNUE



Viongozi wa matawi wametuuliza mara nyingi wapate wapi vifuniko vya lenzi za kamera kuukuu walizorithi kwa waliowatangulia. Huenda baadhi yenu mtacheka kuona chama kinaandika habari za vifuniko wakati kuna habari za mishahara. Lakini tuanze na jambo lililotokea.

Mwenzetu mmoja alikatwa vidole viwili na mashine ya kukata mabati ambayo kinga yake ilikuwa imeondolewa. Tulifika siku hiyohiyo tukapiga picha, kwa sababu tunajua desturi ilivyo: kesho yake kinga hurudishwa, na yeyote akija kukagua huonyeshwa mashine iliyokamilika. Picha ilitoka, lakini ilikuwa kama imepigwa ndani ya moshi. Lenzi ile ilitujia ikiwa na ukungu ndani ya vioo, maana ilikaa kabatini miaka mingi bila kifuniko. Upande wa pili ukasema haionekani kama kinga ipo au haipo. Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya mwaka 2000 ipo, lakini mtu anayedai haki yake akiwa na ushahidi hafifu hupata taabu kubwa.

Hapa Kabalagala adui wa lenzi ni wawili. Wa kwanza ni vumbi jekundu linaloruka barabarani wakati wa kiangazi. Vumbi lina chembe ngumu za mchanga, na ukipangusa kioo kwa shati unakuwa unakisugua kwa msasa. Wa pili ni unyevu wa miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, ambao huotesha ukungu. Kifuniko kinachokaa sawasawa humzuia yule wa kwanza na kumpunguza wa pili. Kilicholegea huanguka kwenye bodaboda kabla hujafika Nsambya.

Sasa tuje kwenye vipimo, maana hapa ndipo pesa za watu hupotelea. Kwenye lenzi pameandikwa namba, na mnunuzi husoma namba hiyo akadhani ndiyo ukubwa wa kifuniko. Sivyo. Chukueni lenzi ya Helios-44-2, iliyokuja na kamera nyingi za Zenit kutoka Urusi ya wakati ule. Mbele imeandikwa 2/58. Hiyo 58 ni urefu wa fokasi, yaani namna lenzi inavyovuta picha. Hesi ya mbele, mahali pa kufungia chujio, ni milimita 49. Anayenunua kifuniko cha 58 atarudi nyumbani na kitu cha kufunikia glasi ya chai. Nikkor nyingi za milimita 50 huchukua 52, na Super-Takumar ya 55 huchukua 49. Lenzi nyingine zina alama ya duara lililokatwa kwa mstari. Namba iliyo karibu na alama hiyo ndiyo kipenyo mnachokitafuta.

Kama alama haipo, mwombeni fundi wa kiwandani kalipa yake. Vifuniko vya kubana kwa springi hushika hesi ya ndani, kwa hiyo pimeni ndani ya mdomo wa lenzi. Kalipa itagusa ncha za hesi na kuonyesha pungufu kidogo, kwa mfano 48 na ushei. Basi chukueni saizi inayofuata juu yake, 49. Saizi za kawaida ni 49, 52, 55, 58, 62, 67, 72 na 77. Vifuniko vya kuvisha kwa nje ni hesabu nyingine kabisa. Hivyo hupimwa ukingo wa nje. Asiye na kalipa azungushe ukanda wa karatasi kwenye ukingo, apime urefu wake kwa rula, kisha agawanye kwa 3.14. Karatasi ikiwa milimita 160, kipenyo ni karibu 51, na ndicho kipimo cha nje cha Helios tuliyoitaja.

Sisi tunapendelea vifuniko vinavyobanwa katikati kuliko vya kubanwa pembeni, maana vidole vilivyochoka au vyenye grisi huvishika kwa urahisi. Vya chuma vya kufungwa kwa hesi ni imara, lakini havifai kazi ya haraka. Hadi umekizungusha kikatoka, mkaguzi ameshapanda gari.

Tawi lenye lenzi za saizi mbalimbali lisinunue vifuniko vya kila aina. Kuna pete za kuongeza kipenyo, kwa mfano kutoka 49 hadi 55, au 52 hadi 55. Fungeni pete kwenye kila lenzi, kisha nunueni vifuniko vya 55 tu. Kimoja kikipotea, cha lenzi nyingine kitafaa.

Ukingo ukiwa umebonyea kwa kuangushwa, kifuniko cha springi hakitashika. Tumieni cha kuvisha kwa nje. Kama hakipatikani, tafuteni kifuniko cha plastiki cha kopo kilicho kikubwa kidogo kuliko lenzi, kioshwe na kukaushwa, kisha ndani ya ukingo wake bandikeni ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mpira ndio unaoshika. Gundi ikauke siku nzima kabla ya kukivisha, kwa sababu mvuke wake huganda kwenye kioo. Kaveera na mpira wa kufungia si kifuniko. Hufungia unyevu ndani.

Msisahau nyuma ya lenzi. Lenzi ikitolewa kwenye kamera, kioo cha nyuma nacho kinataka kifuniko chake, na hapo aina ya kamera ndiyo inayoamua: Helios na Takumar za zamani hufungwa kwa hesi ya milimita 42, Nikkor kwa meno yake.

Neno moja kwa wenye Zorki au FED. Kamera hizo hutazamiwa kwenye kidirisha cha pembeni, si kupitia lenzi, kwa hiyo mpigaji anaweza kumaliza filamu nzima kifuniko kikiwa mahali pake asijue. Lakini zikiachwa wazi zikielekea jua, jua hupenya kwenye lenzi na kutoboa pazia la kitambaa lililo ndani. Kifunikeni, na mkifunge kwa uzi kwenye mkanda wa kamera ili mkiona kinaning'inia mjue lenzi iko wazi.

Wanaokwenda soko la Owino au kwa mafundi wa kamera mjini waende na lenzi yenyewe mkononi. Wajaribu kifuniko, waigeuze lenzi iangalie chini, waitikise juu ya kiganja. Kikianguka, wasilipe. Kalipa ya ofisi yetu ya Kabalagala inaweza kuazimwa na tawi lolote, kwa sahihi ya katibu wa tawi.