Kuku wa Babu

Kila Krismasi, hapa kwetu Mwanga, Kigoma, sisi tulikula kuku na Babu akaandaliwa dagaa kwa sombe. Tuliambiwa kuku ni mwiko wa ukoo. Hakuna aliyehoji, ingawa Baba, mtoto wake wa kumzaa, hakuwahi kuliachia paja.

Babu alikuwa Mbembe wa Fizi, ng'ambo ya ziwa, na mwaka 1964 alikuwa Simba. Ndivyo walivyojiita waasi wa mashariki ya Kongo waliotaka kuing'oa serikali ya Léopoldville, wakiapa kwa jina la Lumumba, aliyeuawa Januari 1961. Mei waliiteka Uvira, Juni Albertville, ambayo leo ni Kalemie, na Agosti wakaingia Stanleyville, Kisangani ya sasa. Wengi walikuwa vijana wa mikuki na mapanga. Askari wa serikali walikuwa na bunduki, lakini mara nyingi walitimua mbio, maana nao walikuwa Wakongomani na dawa waliiamini vilevile.

Dawa hiyo ndiyo Babu aliyopenda kuisimulia. Mganga anakuchanja, anakupaka unga wa dawa kwenye chale, anakunyunyizia maji. Baada ya hapo ukipaza sauti "Mai Mulele!" risasi zinageuka maji. Lakini kuna masharti: usiibe, usiguse mwanamke, usigeuke nyuma vitani. Mimi huustaajabia ujanja wa masharti hayo. Mtu akipigwa risasi akafa, dawa haikushindwa. Marehemu ndiye aliyekosea.

Novemba ile ile makomandoo wa Kibelgiji walishuka kwa miavuli Stanleyville, kutoka ndege za Marekani, na uasi ukaanza kuporomoka. Katika milima ya Fizi uliendelea.

Tulipokuwa wadogo Babu hakuyasema haya. Alifungua mdomo 1997. Mei mwaka huo Laurent Kabila, mmoja wa wakubwa wao wa Fizi, alitwaa urais Kinshasa, na ghafla tukasikia kwamba Babu aliwahi kula naye sahani moja. Haukupita muda akamwongeza Che Guevara. Mimi, mwanafunzi wa sekondari, nikaanza kuandika tarehe daftarini.

La Che lina msingi. Aprili 1965 alivuka kutoka hapahapa Kigoma hadi Kibamba, na Wakuba zaidi ya mia wakamfuata kidogo kidogo. Walijipa majina ya hesabu za Kiswahili. Yeye aliitwa Tatu. Novemba walirudi usiku kwa mashua, na Babu akadai ndiye aliyeshika usukani. Kabila naye alifika Kibamba Julai, akakaa siku chache tu akaondoka, jambo ambalo Che alililalamikia katika kumbukumbu zake. Sahani hiyo basi ililiwa haraka.

Nilipomsomea Bibi daftari langu, alicheka hadi akashika mbavu. "Novemba? Novemba babu yako alikuwa Kibirizi anapakua kuni!" Wao walivuka Septemba, mamluki wa Mike Hoare walipotua Baraka. Bibi alikuwa na mimba ya Baba, miezi saba, ndani ya mtumbwi wenye watu kumi na tisa na mbuzi mmoja. Mbuzi huyo anamkumbuka kuliko Wakuba wote.

Babu alifariki 2009. Matanga yalipokwisha nilimkuta Bibi uani anachambua dagaa, nikamuuliza kuhusu mwiko wa kuku.

"Mwiko gani? Baba mkwe wangu alifuga kuku na kuwala."

Kisha akanieleza kwamba Babu alikuwa na mdogo wake, Simba kama yeye. Alipigwa risasi ya shingo kwenye njia ya mlimani, mvua za mwanzo wa 1965. Wenzake wakakuta manyoya nyuma ya kibanda alicholala na kaka yake. Mganga akatamka: kijana kaiba kuku wa watu, dawa imevunjika. Akafukiwa bila kuliliwa.

"Na aliyemwiba ni yeye kweli?"

Bibi aling'oa kichwa cha dagaa, akakitupa, akachukua mwingine.

"Babu yako alikuja kwangu usiku ule, kwa kujificha. Paja moja aliniletea mimi."