Kabla Mashine Haijawashwa

Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 2023, vijana wa Nairobi walipanga foleni ndefu wakisubiri kutazama tufe linalong'aa, kubwa kama mpira wa miguu, ili kamera iliyomo ipige picha mboni za macho yao. Umati mkubwa ulikuwa kwenye ukumbi wa KICC. Malipo yalikuwa sarafu 25 za kidijitali za mradi huo, Worldcoin, takriban shilingi 7,000 wakati huo. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha shughuli hiyo.

Nafundisha maadili ya teknolojia ya habari chuoni. Mwanafunzi wangu mmoja aliyekuwa ameshapigwa picha aliniuliza, "Mwalimu, macho yangu si ninayo? Wamechukua nini basi?"

Swali hilo lilikula kipindi kizima. Mboni imezungukwa na michirizi ambayo hata kwa mapacha haifanani, na hata jicho la kulia la mtu hutofautiana na la kushoto. Tangu miaka ya 1990, kwa hesabu aliyobuni John Daugman wa Cambridge, michirizi hiyo hugeuzwa kuwa msimbo wa tarakimu ambao kompyuta huulinganisha na mingine kwa kasi ya ajabu. Nywila ikiibwa unaweka nyingine. Jicho utalibadilisha na nini?

Linaloniuma zaidi ni zile shilingi 7,000. Kijana ambaye hajaona kibarua mwezi mzima, akiambiwa akubali masharti ndipo apate pesa, ameridhia nini hasa? Mahakama Kuu ililipima jambo hilo, na Mei 2025 ikaamuru data hizo zifutwe ndani ya siku saba. Ridhaa ilikuwa imevutwa kwa sarafu, na tathmini ya athari haikufanywa ipasavyo.

Tathmini hiyo ndiyo moyo wa somo langu. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinamtaka mwenye mradi unaoweza kuhatarisha haki za watu aeleze mapema atakusanya nini, kwa nini, nani anaweza kuumia na atamkinga vipi. Serikali nayo ilikwama papo hapo: Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi zake za utambulisho za Huduma kwa kuwa tathmini haikutangulia. Kabla ya hapo, watu wa jamii ya Wanubi walikuwa wameshakwenda mahakamani kuuliza asiye na hati ataandikishwaje katika mpango huo. Swali hilo lilitoka kwa watu wanaoijua adha ya kusotea kitambulisho, na ndiyo maana nawaambia wanafunzi waanze utafiti kwa kuwasikiliza wa namna hiyo.

Muhula huu darasa linaipima mashine ya alama za vidole inayoandika mahudhurio chuoni kwetu. Binti mmoja hufanya kazi ya mjengo wikendi. Saruji imemla ncha za vidole, na Jumatatu mashine humkataa. Anasugua kidole kwenye sketi, anajaribu tena, taa nyekundu inawaka. Rekodi inamwita mtoro ilhali anakaa kiti cha mbele. Wenzake wameongeza maswali yao: alama hizo zinahifadhiwa wapi, nani anaruhusiwa kuziona, na mtu akihitimu zitafutwa lini? Ripoti imeshafika kwa uongozi. Tunaomba ijadiliwe kabla mashine ya pili haijafungwa kwenye mlango wa maktaba.