Baka jeupe la pembe nne

Mpambaji alisimamisha koni yake ya hina alipofika kwenye kifundo cha mkono. Upande wa ndani, mahali ambapo ngozi ni laini na mishipa inaonekana, binti yule alikuwa na baka jeupe lenye pembe nne. Kingo zake zilikuwa zimenyooka. Kovu la mafuta ya moto hutawanyika, la pasi huwa na ncha, la ugonjwa halijui mstari. Hili lilikuwa kama limepimwa kwa rula, na ndani yake hamkuwa na chembe ya rangi ya ngozi yake ya maji ya kunde.

Mpambaji akamuuliza kwa upole ameungua na nini. Binti alikuja Tanga na wazazi wake kutoka Uingereza kwa ajili ya harusi ya ndugu. Akavuta mkono, akasema ni barafu. Wanawake waliokuwa wakisubiri zamu zao wakacheka, maana barafu tangu lini ikaunguza mtu? Yeye hakucheka. Mpambaji akaendelea na kazi, akalizungushia baka ua moja kubwa, na katikati ya ua akapaacha wazi.

Kwa nini jeupe, na kwa nini la pembe nne? Maswali hayo ndiyo niliyompelekea muuguzi mmoja wa Kitanzania anayehudumia watoto walioungua katika hospitali moja huko Uingereza. Namwita Dada, kwa umri na kwa heshima, naye ameomba jina lake na la hospitali yasiandikwe. Kabla sijamaliza kueleza, aliniuliza kama liko mkononi upande wa ndani. Nilipoitikia, akasema: chumvi na barafu.

Hiyo ni chalenji ya vijana, na si ngeni. Imekuwa ikizunguka kwenye video za vijana wa Marekani na Uingereza kwa zaidi ya miaka kumi, inazimika, kisha kizazi kingine cha wanafunzi kinaiokota upya. Mwaka 2012 mtoto wa miaka 12 wa Pittsburgh, Marekani, aliungua vibaya mgongoni baada ya kuchorwa msalaba kwa chumvi na barafu. Mchezo wenyewe hauna gharama. Unalowesha ngozi, unamwagia chumvi ya mezani, unakandamiza kipande cha barafu juu yake, na mwenzako anashika simu. Anayevumilia muda mrefu zaidi ndiye mshindi.

Wazazi wengi, anasema Dada, hufika wakiwa na hasira kuliko hofu, kwa sababu hawaamini kwamba vitu viwili vya jikoni vinaweza kufanya hivyo. Huwaeleza taratibu. Barafu peke yake, ikianza kuyeyuka, hukaa kwenye nyuzi sifuri. Chumvi huilazimisha iyeyuke hata chini ya hapo, na kuyeyuka kunataka joto. Joto hilo lazima litoke mahali, na kilicho karibu zaidi ni mkono wa mtoto. Mchanganyiko ukikolea vizuri unaweza kushuka hadi nyuzi 21 chini ya sifuri, wakati friza ya nyumbani kwa kawaida huwekwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Watengeneza aiskrimu wa zamani waliijua siri hii kabla umeme haujafika. Mkebe wa maziwa uliwekwa katikati ya ndoo ya barafu na chumvi, ukazungushwa kwa mkono mpaka maziwa yakaganda.

Ngozi huanza kuganda ikishuka chini kidogo tu ya sifuri. Maji yaliyo kati ya seli yanageuka vipande vidogo vya barafu, maji ya ndani ya seli yanavutwa nje, mishipa midogo ya damu inasinyaa na damu inaganda ndani yake. Hii ndiyo sababu jeraha la baridi kali hufanana na la moto, likiwa na malengelenge, nyama mbichi, na baadhi ya nyakati ngozi nyeusi iliyokufa inayohitaji kukatwa na kuwekewa kiraka.

Lakini kinachomuumiza Dada zaidi ni ganzi. Dakika ya kwanza inauma sana, na watoto wote humsimulia hivyo hivyo. Kisha ngozi ikikaribia nyuzi 10 mishipa ya fahamu inaanza kunyamaza, maumivu yanapungua, yanakwisha. Mtoto anadhani ameyashinda. Walio nyuma ya kamera wanashangilia, kwa maana huyu sasa hakunji hata uso. Dada anasema amewahi kuoneshwa video na mtoto mwenyewe, na akaona kabisa pale sura ilipotulia. Watazamaji waliona ushujaa, yeye akaona ngozi inakufa. Mchezo umepangwa ili anayeumia zaidi asisikie na apigiwe makofi kwa kutosikia. Nilimuuliza ni nani aliyeupanga hivyo. Hakuwa na jibu, na mimi sina.

Nikarudi kwenye swali langu la weupe. Hapo alinyamaza kidogo, kisha akanieleza habari za ng'ombe.

Mwaka 1966, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, mtafiti Keith Farrell alibuni njia ya kupiga mifugo chapa kwa baridi badala ya moto. Chuma kinapozwa kwa barafu kavu au naitrojeni ya maji, kinabandikwa kwa sekunde kadhaa, na nywele zikiota tena pale zinaota nyeupe. Mnyama habaki na kovu kubwa la moto, anabaki na alama nyeupe maisha yake yote. Siri ni kwamba seli zinazotengeneza rangi ndizo dhaifu kuliko zote mbele ya baridi. Hufa kwenye nyuzi 4 hadi 7 hivi chini ya sifuri, wakati seli nyingine za ngozi zinaweza kuhimili baridi kali zaidi ya hapo. Ngozi inaweza kupona, ikafunga, ikawa laini, lakini waliokuwa wakiipaka rangi hawapo tena.

Kwa hiyo baka la binti yule ni unyayo wa kipande cha barafu, kwa umbo na kwa ukubwa. Rangi inaweza kurudi kidogo kidogo kutoka kingoni na kwenye vinyweleo, ikachukua miezi au miaka, au isirudi. Dada hawaahidi watoto chochote.

Na hapa ndipo anapotaka wazazi weusi wasikie vizuri. Tafiti za majeshi ya Marekani na Uingereza zilionesha kwamba askari wenye asili ya Afrika huumizwa na baridi zaidi kuliko wenzao. Makovu yanayovimba na kutanuka yanatupata zaidi sisi. Halafu picha nyingi za mafunzo zinaonesha wekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu huo hujificha, hivyo mwalimu au mzazi anautazama mkono, haoni kitu, anamwambia mtoto akalale. Asubuhi malengelenge yamejaa.

Dada amekuwa akiona pia chalenji ya marashi ya kupuliza kwapani, kopo likishikwa karibu na ngozi bila kuachiwa. Gesi iliyosindikwa mle, butani na propani, ikitoka inachemka papo hapo na kunyonya joto la ngozi. Makopo hayo yanauzwa Kariakoo na Mombasa kama kawaida, na simu za watoto wetu zinaonesha video zilezile. Hili la chumvi nalo halihitaji pasipoti.

Kuhusu huduma ya kwanza, maelezo yake ni mafupi. Ondoa barafu, suuza chumvi yote. Tia sehemu hiyo kwenye maji ya uvuguvugu, nyuzi 37 hadi 39, yaani maji ambayo mama angeyapima kwa kiwiko kabla ya kumwogesha mtoto mchanga. Usisugue. Usikaribishe moto wala chupa ya maji ya moto, kwa sababu ngozi yenye ganzi haitakuonya inapoungua. Dominique-Jean Larrey, daktari wa jeshi la Napoleon, aliyaona hayo mwaka 1812 wakati wa kurudi kutoka Urusi. Askari waliota moto usiku, ngozi zikaharibika zaidi. Yeye akashauri kusugua kwa theluji, na dunia ikamfuata kwa zaidi ya karne moja kabla ya madaktari kuthibitisha kuwa maji ya uvuguvugu ndiyo yanayookoa ngozi. Dawa ya meno, ute wa yai na mafuta ya kupikia viacheni jikoni. Malengelenge yasipasuliwe. Ngozi ikibaki ngumu, imepauka au haina hisia, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Nilimuuliza nini huwachelewesha watoto. Hofu ya kipigo, alisema, na aibu. Wapo wanaofika siku ya tatu, wamefunga jeraha kwa soksi. Amewahi kumpokea mtoto aliyefanya hivi peke yake chumbani, bila kamera wala mwenzake. Alimuuliza alikuwa akimwonesha nani, mtoto akainamisha kichwa. Dada bado analifikiria hilo.

Mzazi mwenzangu, ukiona mkono wa mwanao una alama yenye pembe, au amevaa mikono mirefu kwenye joto la Februari, kaa naye kwanza kabla ya kumgombeza. Muulize ni lini, na ilikaa muda gani. Daktari atayahitaji majibu hayo mawili, na mtoto anayeogopa fimbo hatayatoa.